Wiki ya wali mpya Ifakara, na homa iliyosubiri Njombe

Juni Njombe ni mwezi wa sweta mbili. Shule zikifungwa, watoto hushinda karibu na moto wakiomba chai kila baada ya saa moja. Mwaka jana familia moja ya huko, baba, mama na watoto watatu wa miaka 11, 7 na 2, iliamua kushuka kwenye joto la bonde la Kilombero. Baba ni mzaliwa wa Ifakara, lakini watoto walikuwa hawajawahi kukanyaga kwa bibi yao.

Baba alitaka kila siku iwe na kitu cha kuona. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa na Hifadhi ya Mikumi, milima ya Udzungwa, Ifakara, Mbingu, Mahenge na maporomoko ya Kihansi, vyote ndani ya siku saba. Mama aliisoma hadi mwisho, akauliza, "Baba watoto, huyu wa miaka miwili atalala saa ngapi?"

Likizo nyingi za familia huharibikia kwenye karatasi ya namna hiyo. Wafaransa wanaokwenda mapumziko vijijini kusini mwa nchi yao, wengi hukodi nyumba moja kwa wiki nzima: asubuhi sokoni, mchana mahali pamoja pa kutembelea, jioni chakula cha taratibu. Hata wao wana eneo la mpunga, Camargue, kwenye delta ya mto Rhône, na wanaolifahamu hawasahau kuwaonya wageni kuhusu mbu. Mama alifuta Mikumi, Kihansi na Mahenge. Ukiondoa usiku wa njiani, vikabaki vitanda viwili tu: Mang'ula, kisha kwa bibi.

Bibi mwenyewe alikuwa ameshapigiwa simu. "Shikamoo mama," mkwewe alianza. "Marahaba mwanangu. Njooni mwezi huu huu, mpunga umevunwa, mchele mpya unanukia mpaka kwa jirani." Mkwe akauliza habari za mbu. Bibi akacheka. "Mbu hawajahama. Neti zipo, ila ya mtoto njoo nayo."

Swali lile lilikuwa na uzito. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Mtoto aliyezaliwa na kukulia kwenye baridi ile hajajengewa kinga yoyote na mwili wake dhidi ya ugonjwa huo, tofauti na binamu zake wa bondeni, ambao nao huugua lakini miili yao inaufahamu. Na Juni, wakati mchele ni mtamu kuliko miezi yote, ndio wakati ambao mvua za masika zimetoka kuacha madimbwi na majaruba yaliyojaa maji. Ndiyo maana wiki moja kabla ya safari mama aliwapeleka watoto kituo cha afya kuuliza, akanunua neti yenye dawa na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Kwa mjamzito au mtoto mwenye selimundu, ziara hiyo kwa daktari haikwepeki, kwani malaria ikiwapata huwa kali na wanaweza kuhitaji dawa za kinga.

<b>Barabara na maporomoko</b>

Walisafiri Jumamosi kupitia Makambako na Iringa. Ukishuka mlima Kitonga, sweta hutoka zenyewe, na pale Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na mafungu ya vitunguu kando ya barabara, watoto hawakutaka tena kufunga madirisha. Walilala Mikumi mjini. Ukitokea Iringa, mji unaufikia kabla ya hifadhi, kwa hiyo hakuna aliyeona tembo, na baba alilitaja jambo hilo mara kadhaa.

Kutoka Mikumi barabara inakata kulia kwenda Kidatu. Mashamba ya miwa yanaanza, na matrekta yenye matela marefu ya miwa hayana haraka. Dereva asiwe nayo pia. Baada ya daraja la Ruaha Mkuu, milima ya Udzungwa inasimama upande wa kulia kama ukuta wa kijani hadi karibu na Ifakara. Sehemu hii ya Kidatu hadi Ifakara kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami imeifupisha sana.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako Mang'ula. Haina barabara ndani. Unatembea kwa miguu, ukiongozwa. Kwa familia hilo ni zuri na baya kwa pamoja, maana mtoto wa miaka miwili hawezi kupanda Sanje, na mzazi anayembeba mgongoni naye hawezi. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 hivi, yakishuka kwa ngazi tatu, na mzunguko wake huchukua kama saa nne. Baba alikwenda na wakubwa wawili Jumatatu. Mama alibaki na mdogo kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, mwendo mfupi kutoka ofisi za hifadhi, ambako mtoto alitumia nusu saa nzima kutupa majani majini.

Sanje inastahili jasho lake. Ukiwa juu unaliona bonde lote, miwa, mpunga na reli ya TAZARA. Msituni kuna mbega wekundu wasiopatikana nje ya eneo hili, na mangabey wa Sanje, tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wa miaka 11 aliwaona mbega. Wa miaka 7 aliona mkia, akadai ameona wote. Viatu viwe vya kushika, maana mawe ya karibu na maji yanateleza, na ruba wapo. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa. Nyani wa Mang'ula hawaombi.

<b>Kwa bibi</b>

Jumanne jioni walifika Ifakara. Sahani ya kwanza ilikuwa wali wa nazi na kitoga wa mchuzi, bamia pembeni. Mchele mpya hautaki maji mengi, na bibi aliupika kwa moto mdogo, makaa juu ya mfuniko. Watoto waliozoea viazi na ugali waliongeza mara tatu. Siku zilizofuata zilikuja na perege wa kukaanga, kambale mkavu wa kuungwa nazi, vitumbua vya asubuhi na pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa hadi ukawa bapa. Pepeta na chai ya rangi ni kifungua kinywa ambacho hakuna hoteli ya Ifakara inayoweza kukishinda, na mtu akibisha aende akaonje.

Jambo moja tu lilileta ukimya jikoni. Bibi hutunza wali wa usiku kwa ajili ya kiporo cha asubuhi. Kwenye joto la bonde, wali ukilala nje ya friji huota vijidudu vinavyotoa sumu, na kupasha moto hakuiondoi. Mkwe hakujua amwambieje. Hatimaye usiku wa pili alipima mchele mwenyewe, kikombe kwa kila mlaji, na sufuria ikaisha. Bibi alisema wageni wa safari hii wana njaa.

Jumatano walikwenda mtoni. Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya mto Kilombero, lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake watu na magari ya kwenda Mahenge walivuka kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni. Baba aliwasimulia watoto jinsi alivyokuwa akivuka akiwa na umri wao, ameshika shati la babu. Hapo ndipo pa kununua samaki waliotoka majini asubuhi, na ndipo pa kuona ukubwa wa bonde hili oevu, lililoorodheshwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mto una mamba na viboko, hivyo unaangaliwa kutoka darajani. Kwenye majaruba na mifereji ya mpunga hatari ni ndogo kwa umbo, konokono wa kichocho, na mama aliwakatalia watoto kuingia peku hata pale binamu zao walipoingia. Haikuwa rahisi.

Alhamisi ilikuwa ya Mbingu, magharibi ya Ifakara kwenye njia ya Mlimba, ambako wakulima hulima kakao. Mtoto anayejua chokoleti ya dukani hushangaa kupasua tunda la manjano na kukuta nyama nyeupe, tamu yenye ukakasi kidogo. Kampuni ya Kokoa Kamili hununua kakao hapo, huichachusha na kuikausha, kisha huiuza kwa watengeneza chokoleti wa Ulaya na Marekani.

Ijumaa hawakwenda popote. Mama na bibi walikwenda sokoni kuchagua mchele, wakinusa na kutafuna punje. Baba alilala.

<b>Saa mbili usiku</b>

Ifakara ina jina duniani kwa sababu ya mbu. Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara hapo mwaka 1957, na kutoka kwenye maabara hiyo ikakua Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kusambaza neti zenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa neti hizo ziliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4. Neti zinazotundikwa leo katika nyumba nyingi za Tanzania zina deni kwa watoto wa bonde hili.

Lakini neti humlinda aliye ndani yake. Kwa bibi, watoto walikaa uani hadi saa tatu usiku wakisikiliza hadithi, wa miaka 7 akiwa na kaptula. Dawa ya kupaka ilikumbukwa siku mbili za kwanza. Mdogo alilala mapema kwenye neti yake kila siku.

Jumamosi walirudi Njombe na gunia la mchele. Mama alihesabu wiki nne kwenye kalenda ya ukutani, akaweka alama. Vimelea vya malaria hukaa kimya mwilini, kwa kawaida siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa. Familia huwa imeshasahau safari.

Siku ya 12 wa miaka 7 aliamka na homa, kichwa kikimuuma, hataki chai. Kituo cha afya kilijaa watoto wenye mafua, kama kila Julai ya Njombe, na mhudumu alianza kuandika dawa ya mafua. "Tumetoka Ifakara," mama alisema. "Lini?" Alitaja tarehe. Kidole kilitobolewa, na baada ya dakika chache kipimo kilionyesha mistari miwili.

Alipewa dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, kila moja na chakula au maziwa. Homa ilishuka siku ya pili, na dozi ziliendelea hadi ya mwisho. Angekuwa na degedege, angetapika kila kitu, angelegea au kushindwa kunywa, ingekuwa hospitali moja kwa moja bila kusubiri kidonge cha pili. Ndugu zake walipimwa, hawakuwa nayo.

Jioni ya siku ya tatu bibi alipiga simu. Hakuuliza homa. Aliuliza mjukuu wake amekula nini.

"Wali, mama. Ameongeza mara mbili."

"Wa kwangu?"

"Wa kwako."