Mchungaji Aliyehesabu

Kila mara matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, maswali ni yaleyale katika vikundi vyetu: nani ataingia udaktari, nani atasoma sheria. Anayetaja usimamizi wa shule huchekwa kidogo, kana kwamba amechagua kiti na muhuri tu. Sisi tunaona kicheko hicho si cha haki.

Tutazame hali yetu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za umma. Neno hilo lilianza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto wakaja kwa wingi, lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Tena, mauaji yaliyoanza eneo la Beni mwezi Oktoba 2014 yamezing'oa familia nyingi vijijini, na watoto wao hufika mjini bila hati yoyote ya shule. Anayeamua kama mtoto huyo ataingia darasani au atarudi barabarani si waziri wa Kinshasa. Ni direkta mwenye daftari mbele yake. Kama hajui sheria wala namna ya kupanga zamu za asubuhi na alasiri, atamrudisha, hata akiwa na moyo mwema.

Wengine husema uongozi ni kipaji. Ni kweli, lakini kipaji peke yake hakiandai bajeti, wala hakisuluhishi ugomvi kati ya walimu na wazazi. Hayo hufundishwa.

Kuna jambo zito zaidi. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, serikali ililikabidhi Kanisa usimamizi wa shule nyingi za umma. Basi tunapolalamika juu ya pesa wanazodaiwa wazazi bila risiti, tuanze kwa kujiuliza kama hesabu za shule zetu wenyewe zinaweza kusomwa mbele ya wazazi wote. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mtoto bila daftari naye hupotea vivyo hivyo.

Mchungaji wa Injili aliwaacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja. Alijuaje kwamba mmoja amepotea? Alikuwa amehesabu. Kuhesabu kwake kulikuwa ni kupenda.

Kwa hiyo, anayekwenda chuoni kusomea usimamizi wa shule asione haya. Nasi tunaobaki tusingoje ahitimu. Jumapili ijayo, kila kikundi kiulize katika jumuiya zake ni mtoto gani hasomi na kwa sababu gani. Majina yaandikwe, kisha tuyapeleke pamoja kwa direkta wa shule ya parokia.