Nani Amruhusu Mjane Kupenda Tena?

Kama wewe ni mtu wa picha za Kihindi, Baabul ya mwaka 2006 umeshaiona na leso umeshailowesha. Rani Mukerji ni Millie, mchoraji. Anaolewa na Salman Khan, wanapata mtoto wa kiume, halafu ajali inamchukua mume. Baba mkwe, Amitabh Bachchan, hawezi kuvumilia kumwona binti wa watu akinyauka ndani ya nyumba. Anafunga safari kumfuata John Abraham, rafiki aliyempenda Millie kimyakimya, ili aje amwoe.

Wengi tunamshangilia mzee, na anastahili. Si mchezo kusimama mbele ya kaka yako mkubwa (Om Puri, mkali kama pilipili) na kupinga mila za ukoo. Ila mimi jicho langu liliganda kwa Sarika, mjane mwingine wa familia hiyohiyo, ambaye ujana wake umeishia kwenye ukimya. Yeye hakuna aliyemfungia safari.

Kinachonikera ni hiki: mzee anamtafuta bwana harusi kabla ya kumuuliza Millie mwenyewe. Yaani hata huruma inapitia kikao cha wanaume! Na India sheria ya kuwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilipita mwaka 1856, miaka 150 kamili kabla ya picha hii.

Usiwacheke. Dada mmoja wa Mbangala, huku Songwe, amefiwa na mumewe mwaka wa nne sasa. Amepata mtu, dereva wa malori ya Tunduma, mstaarabu tu. Wakwe wamemwambia: ukiolewa nje ya ukoo, nyumba uache na watoto uache. Kuna shemeji ameandaliwa kumrithi. Kumrithi, kama shamba!

Dada yangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema hata kama mila inasema vingine, mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Dini nazo zina mwisho wa kungoja: eda ni miezi minne na siku kumi, na kiapo cha kanisani kinakoma kifo kinapoingia. Shemeji unaweza kumkataa bila kumkosea mtu adabu. Nyumba na watoto ndiyo ngoma nzito, maana kwenye mirathi mila bado zina nguvu. Hapo usiende kikaoni mikono mitupu. Muone kwanza msaidizi wa kisheria, beba cheti cha ndoa, cha kifo na vya kuzaliwa vya watoto, na usisaini karatasi yoyote ya ukoo kabla hajaisoma.

Na ninyi wapenzi mnaojenga pamoja, mkiwa bado wazima na mnacheka, kiwanja kiandikeni majina yote mawili. Wosia unaweza kuutunza RITA. Halafu muulizane lile swali gumu: nikitangulia mimi, ungependa uishi vipi? Wangu nilimuuliza Jumapili iliyopita. Akaongeza sauti ya mpira. Nitamuuliza tena ligi ikiisha.