Je, Sahani Iliyolipiwa Kabla Ina Faida?

Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja akaaye katika mtaa wa Manika, hapa Kolwezi. Mume wake amepata kazi katika kampuni ndogo ichukuayo mawe ya shaba kwa magari makubwa ndani ya mgodi. Siku ya tatu alipewa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba wake wa kazi. Ya pili ilimwuliza kama ataka kula katika kantini ya wafanyakazi. Akikubali, kila mwezi mshahara wake utapunguzwa dola 65, yaani dola mbili na nusu kwa siku, kwa hesabu ya siku 26. Akikataa atapokea mshahara mzima, na chakula atajitafutia mwenyewe. Jibu latakiwa kabla mwezi haujaisha.

"Bwana wangu asema kwamba chakula cha kantini ni kizuri, kina nyama mara tatu kwa juma," aandika mama huyo. "Mimi naona dola 65 ni unga wa nyumba nzima, nasi tu watu saba. Tumegombana siku mbili. Tuambieni, nani kati yetu ana haki?"

Kuwa mwamuzi kati ya mume na mke ni kazi yenye hatari, nasi hatuipendi. Lakini swali lenyewe ni jema, tena ni la zamani sana katika nchi hii ya shaba.

Wazee walikumbuka vizuri neno posho. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na ambayo tangu 1937 ilijenga mji huu wetu wa Kolwezi, haikumlipa mtu kwa fedha peke yake. Sehemu ya malipo ilikuwa chakula: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagwe au karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Katika miaka ya kwanza wanaume walioletwa kutoka mbali, bila wake zao, waliugua na kufa wengi mno, na wakubwa wa kazi wakatambua kwamba mtu asiyekula hawezi kuchimba. Ilipofika mwaka 1928 hivi, kampuni ikaanza kutaka wafanyakazi wakae na jamaa zao kambini kwa miaka mingi. Ndipo mke naye akahesabiwa katika posho, na watoto pia. Siku ya kugawa, mama alisimama katika mstari na beseni lake na kadi yake, akapimiwa kwa kadiri ya watu wa nyumba yake.

Tazameni vema jambo hilo. Chakula kile kilikuwa kimelipiwa kabla, kwa jasho la mume, na hakuna mtu aliyemwuliza kama akitaka au hakitaki. Kilikuwa na uzuri wake: unga hauwezi kumiminwa katika chupa. Hata baba aliyepoteza faranga zake njiani jioni ya malipo, watoto wake walikula bukari kesho yake. Lakini kilikuwa na ubaya wake pia, kwa maana aliyeshika kipimo alikuwa kampuni, si baba wala mama. Na unga haununui nguo, wala haulipi nauli ya kwenda kumzika mzazi. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipokuwa zimepanda, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kule Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Walitaka nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira, na makumi ya watu wakafa. Watu wale walikuwa wakipewa posho. Hawakusimama pale kwa kukosa unga.

Mimi niandikaye haya nililelewa katika kambi ya wafanyakazi, baada ya serikali kuitwaa Union Minière tarehe 1 Januari 1967 na kuiunda kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Nakumbuka mfuko wa unga wa kilo 25 ukifika nyumbani begani mwa baba. Mama aliupokea kwa mikono miwili kama apokeavyo mtoto mchanga, akauweka juu ya matofali mbali na panya, akachora mstari kwa makaa ukutani ili ajue umefunguliwa siku gani. Katika miaka ya 1990 fedha ya Zaire ilianguka hata watu wakahesabu noti kwa matita, na mwezi wa Oktoba 1993 ikaletwa noti mpya, nayo ikaanguka vilevile. Katika taabu ile, mtu aliyelipwa noti alikimbia sokoni kabla jua halijatua, bali mwenye mfuko wa unga alikuwa na mfuko wa unga. Ni kweli kwamba wengine waliuuza penye lango la kazi, kwa bei ya hasara, mara nyingine kabla hawajaupokea. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo miezi mitatu mfululizo. Mke wake aligundua siku alipokwenda mwenyewe langoni na kumkuta mchuuzi ameushika.

Kisha mfuko ukaanza kuchelewa, ukakosa kuja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa malipo ya mara moja, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hapo ndipo wengi walipofahamu kwamba unga, shule na hospitali vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja na kazi. Kamba ilipokatwa, vyote vilianguka siku moja.

Basi sasa turudi kwa mama wa Manika. Mtu aweza kusema: kantini ni posho ya siku hizi. La hasha. Posho ilikuja nyumbani, bali sahani ya kantini haiji. Huliwa na mtu mmoja, ndani ya ua wa mgodi, na mara nyingi hairuhusiwi kutolewa nje. Katika Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliofanywa mwaka 1949 kwa ajili ya kulinda mishahara, imeandikwa kwamba kitu kitolewacho badala ya sehemu ya mshahara kiwe cha kumfaa mfanyakazi pamoja na jamaa yake, na bei yake iwe ya haki. Pamoja na jamaa yake! Waliotunga maneno hayo walijua ni nani angojeaye nyumbani na chungu kitupu.

Wala msidhani kwamba hesabu hii ni ya maskini tu. Huko Florida, katika Marekani, kuna mahali pakubwa pa michezo paitwapo Walt Disney World, palipofunguliwa mwaka 1971. Wageni wanaolala katika hoteli za pale waweza kulipia chakula chao kabla, kwa siku zote watakazokaa. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ukarudishwa Januari 2024. Matajiri nao hukaa na kalamu wakibishana kama una faida. Sheria zake mbili zatufaa sisi. Ya kwanza, watu wote wa chumba kimoja, tangu mtoto wa miaka mitatu, sharti waingie katika mpango pamoja. Ya pili, chakula kilicholipiwa kisipotumiwa mpaka usiku wa manane wa siku ya kuondoka, kimepotea, wala fedha hairudi. Kwa sheria ya kwanza mpango wa wageni wale wafanana na posho ya zamani. Kwa sheria ya pili wafanana na karatasi ya yule bwana.

Kwa maana hebu tuisome karatasi yake. Mama atuambia kwamba mumewe hufanya kazi siku nne, kisha hupumzika siku mbili. Katika mwezi wa siku 30, hizo ni siku 20 za kazi. Lakini hukatwa siku 26! Siku sita atalipia sahani ambayo hataiona, dola 15 kila mwezi, dola 180 kwa mwaka. Ukizigawa dola 65 kwa sahani 20 azilazo kweli, kila sahani si dola mbili na nusu, bali dola tatu na robo. Na akiugua malaria juma moja, sahani iliyobaki yazidi kuwa ghali. Hapo mama ana haki kabisa, na bwana hakuisoma karatasi.

Lakini mama naye asifurahi upesi. Aandika kwamba akimfungia mumewe chakula cha nyumbani, chaongeza kama dola moja kwa siku, yaani dola 20 kwa mwezi, na kwamba dola 45 zinazobaki zitaingia nyumbani. Zitaingia kweli? Hilo ndilo swali ambalo barua haikulijibu. Fedha ina miguu. Kati ya lango la mgodi na mlango wa nyumba kuna maduka, kuna wakopeshaji, kuna meza za bia. Dola 45 zinazoishia njiani hazimshindi mtu aliyekula nyama mara tatu kwa juma.

Tena bwana ana neno lake, nalo si dogo. Yeye huondoka nyumbani kungali giza, na zamu ni ndefu. Bukari iliyopikwa alfajiri huwa ngumu kama jiwe saa saba, na sombe iliyofungwa katika joto la mwezi wa Oktoba huchacha. Mwenye kuendesha gari lenye magurudumu marefu kuliko mtu, kwa njaa, usiku, ni hatari kwake na kwa wenzake. Chakula cha moto katikati ya kazi si anasa. Wako pia akina mama wauzao bukari na samaki thomson karibu na lango, lakini katika migodi mingine mtu haruhusiwi kutoka mpaka zamu iishe.

(Ninyi wanafunzi wa bweni, msicheke mkadhani hayawahusu. Wazazi wenu wamelipia maharagwe ya muhula mzima. Anayeyaacha mezani akanunua maandazi nje ya ua amelipia chakula kimoja mara mbili, na mara zote mbili kwa fedha ya baba yake.)

Kama kampuni ingemwuliza bwana huyu, "Wataka mfuko wa unga badala ya dola hizi?" jibu letu lingekuwa jingine. Mahindi mengi tulayo hupita Kasumbalesa kutoka Zambia, nasi tuliona mwaka 2024, mvua ilipokosekana kule na serikali yao ikazuia mahindi kutoka, jinsi unga unavyoweza kupaa. Mfuko ulioahidiwa kwa mkataba haujali bei ya soko, nao hula watu saba. Lakini hakuulizwa hivyo. Aliulizwa juu ya sahani moja.

Basi, Mama mpendwa, shauri letu ni hili. Bwana asitie sahihi karatasi ile kama ilivyo. Aende pamoja na wenzake wawili watatu, si peke yake, kwa mjumbe wa wafanyakazi, waombe mambo mawili: mtu akatwe kwa sahani alizokula tu, zikiandikwa kila siku katika daftari atakalotia sahihi, na mtu aweze kuchagua zamu za usiku peke yake, ambazo chakula cha nyumbani hakizifai. Kama ana zamu kumi za usiku, atalipa dola 25, na mchana utamfungia wewe. Hiyo twaiona njia bora kuliko zote mbili mlizogombania.

Wakikataa, asitie sahihi. Lakini hapo twakuomba wewe nawe, na twamwomba yeye akisomewa haya, mfanye jambo moja siku ya mshahara: mwende sokoni wawili pamoja, kabla ya kulipa deni lolote, mnunue mfuko wa unga na chupa ya mafuta kwa sehemu ya zile dola 45, mvibebe mpaka nyumbani. Na katika chakula cha bwana utie samaki au yai, wala usimpe majani matupu kwa kuwa ulishinda katika ugomvi. Mtu abebaye chakula duni kila siku atakwenda kununua kingine, na hesabu yako yote itaharibika.

Neno la nyama mara tatu kwa juma hatuwezi kulihakikisha. Bwana ale siku chache kwa kulipa mkononi, kama waruhusu, naye ahesabu mwenyewe vipande vilivyomo. Kisha tuandikie tena, Mama, utuambie mjumbe amejibu nini, na kama zile siku sita zimeondolewa katika karatasi. Wasomaji wengine ambao kampuni zao zina kantini, tupeni nanyi bei zenu na siku mnazokatwa. Tutazipanga katika ukurasa huu bila kuandika jina la mtu wala la kampuni.