Demani Si Shuka

Msomaji wangu, ukiulizwa maana ya msemo wa Kiingereza "three sheets to the wind", utajibu upesi kwamba ni kulewa chakari. Utapata alama yako, na mwalimu ataendelea na msemo wa pili. Lakini ukiulizwa hizo "sheets" ni kitu gani, utasema nini? Wengi husema ni shuka. Ajionaye mjuzi husema ni matanga. Hata mimi, nilipokuwa mwalimu mwanafunzi, nilisimama mbele ya darasa nikafundisha kuwa ni matanga, nao watoto wakauandika uongo wangu katika madaftari yao.

Si matanga, ni kamba. Ni ile kamba ifungwayo pembe ya chini ya tanga, ambayo kwayo baharia hulikaza au hulilegeza. Mabaharia wa pwani yetu huiita demani. Kamba hizo zikiponyoka, tanga hupigapiga ovyo na chombo huyumba kama mlevi atokaye kilabuni. Basi mtoto wa Lamu aliyekwisha kushika demani alikuwa na ufunguo wa msemo huu mkononi mwake, nasi tukamwamuru akariri!

Hilo ndilo ninalolipinga. Tunawapa wanafunzi misemo ya baharini kama mawe ya kumeza. "The bitter end" hufasiriwa mwisho mchungu, na hapo mjadala hufungwa. Kumbe merikebu za Kiingereza zilikuwa na nguzo fupi nene sitahani za kufungia amari ya nanga, zikiitwa "bitts", na sehemu ya amari iliyobaki ndani ya chombo ikapewa jina kutokana na nguzo hizo. Amari ikishatolewa hadi hapo, hakuna tena ya kuongeza. Uchungu yamkini uliingia baadaye, kwa kuwa sikio hupenda neno lililolizoea.

Kibaya zaidi ni hadithi za kubuni. Umepata kuambiwa kwamba "posh" ni herufi nne zilizopigwa katika tiketi za matajiri waliosafiri baina ya Uingereza na India, wapewe vyumba vya upande wa kushoto wakienda na wa kulia wakirudi, wasiunguzwe na jua. Hadithi tamu! Lakini haijaonekana tiketi hata moja yenye herufi hizo. Anayeifundisha kama kweli na aionyeshe.

Wenzangu hunijibu kwamba mtihani hauulizi habari za kamba, tena wakati hautoshi. Wakati gani huo? Nahodha Mwingereza John Smith, katika kitabu chake cha ubaharia cha mwaka 1627, alieleza ule mwisho wa amari kwa maneno yasiyojaza hata mistari mitatu ya daftari lako.