Mwenzio Hajakununia, Maiki Ndiyo Haisikiki

Kama kawaida tunakutana kwenye kona yetu hii kuzungumzia vile vifaa vinavyoingia majumbani mwetu na kugusa mapenzi yetu bila hodi. Mwezi huu tuongee kuhusu kupiga na kupokea simu kwa kompyuta kupitia modemu. Najua kuna wanaotaka kufunua ukurasa wa pili wakisema hayo ni mambo ya mafundi. Subiri kwanza. Kuna ndoa ya miaka kumi na mbili niliiona kwa macho yangu ikitikiswa na tundu la waya, kwa hiyo nisikilize.

Modemu ya sauti ni nini?

Modemu kazi yake ni ukalimani. Kompyuta inajua namba tupu, na laini ya simu ya mezani ilijengwa kubeba sauti ya binadamu. Modemu ikakaa katikati, ikawa inageuza namba kuwa sauti, na sauti kuwa namba. Mliotumia intaneti ya laini ya simu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mnaukumbuka ule mlio wa kukwaruza kabla hujaunganishwa. Zile zilikuwa modemu mbili zinasalimiana. Modemu ya sauti ilikuwa na la ziada: ilipokea simu ya kawaida, ikamwambia mpigaji kwamba wenyewe hawapo, kisha ikarekodi ujumbe wake kwenye kompyuta.

Siku hizi modemu tunayoijua wengi ni kale kadude ka USB unakochomeka kwenye kompyuta, ndani kana laini ya simu. Na kwa kuwa laini hiyo ina namba yake kamili, baadhi ya modemu hizi zinapiga na kupokea simu kama simu ya mkononi. Tofauti ni kwamba zenyewe hazina sikio wala mdomo. Zinaazima spika na maiki ya kompyuta yako, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Yaliyotokea Tabata

Rafiki yangu mmoja ni mtumishi wa umma. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na zamu ya ofisi yake ilipofika naye akafungasha. Mkewe akabaki Dar, Tabata, na watoto wawili na biashara yake ya keki. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, jamaa anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku zilizobaki wanaishi kwa simu.

Shemeji ana kompyuta ya mezani anayoandikia oda. Sasa mteja akipiga, mkono mmoja una simu, wa pili una unga, nani ataandika? Akapata modemu ya USB inayopokea simu, akaiwekea laini ya biashara, akawa anaongea kwa hedifoni huku anaandika. Saa tatu usiku mumewe naye anapiga namba hiyohiyo, maana simu ya mama muda huo iko kwenye chaji au mikononi mwa watoto.

Wiki moja zile hedifoni zikakatika waya. Shemeji akachukua za simu yake, akachomeka, maisha yakaendelea. Kumbe hayakuendelea. Wateja walikuwa wanapiga, wanasikia kimya, wanakata. Yeye akadhani ni watu wasumbufu. Usiku mume akapiga, naye akakuta kimya. Siku ya kwanza walisema ni mtandao. Siku ya pili mke akampigia kwa simu yake ya mkononi, wakaongea vizuri tu, na hapo mume akaanza kujiuliza: mbona huku anaongea na kule ananyamaza? Siku ya tatu akasema kwenye ile laini ya kompyuta, "Kama kuna mtu hapo, niambie tu."

Yaani fikiria, msomaji wangu. Mke alimsikia neno kwa neno. Akajibu, akapaza sauti mpaka watoto wakaamka, na jibu halikwenda popote. Alipochoka akazima kompyuta, na simu ya mkononi nayo akaizima.

Asubuhi nikapigiwa mimi. "Mwanangu, hebu pita nyumbani uiangalie hiyo kompyuta. Na uniambie ukweli." Nilielewa anataka nikaangalie nini hasa, na sikupenda. Lakini nilikwenda.

"Karibu shemeji," mkewe akaniambia, "kaa hapo, piga hiyo namba, usikie mwenyewe." Nikapiga. Akapokea, akasema haloo kwa nguvu, hatua mbili kutoka nilipokaa, na kwenye simu yangu hakuna kitu. Nikainama nyuma ya kompyuta. Hedifoni za simu zina kichwa kimoja chenye pete tatu nyeusi, na hicho kimoja kinabeba kusikia na kusema kwa pamoja. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili: la kijani la kusikilizia, la waridi la kuongelea. Kichwa kile kilikuwa kwenye la kijani. Shemeji alikuwa anasikia kila kitu, na maiki iliyoning'inia kifuani pake haikuunganishwa na chochote.

Dawa yake ni kiunganishi kidogo chenye mikia miwili, mmoja unaingia kijani na mwingine waridi. Kariakoo kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu. Nilikileta, nikachomeka, nikampigia rafiki yangu kwa laini ileile na kumpa shemeji hedifoni. Akasema, "Haloo." Upande wa pili kimya kidogo, kisha nikasikia kwa mbali, "Mke wangu." Nikatoka nje kuwaacha.

Jaribu haya kabla ya kugombana

Ugonjwa huu una mpangilio wake wa kupima, na ukiufuata hupotezi siku nne kama wenzetu wale. Unaanza na kilicho karibu nawe, unakwenda mbali hatua kwa hatua.

Jisikilize mwenyewe. Kabla hujampigia mtu, fungua programu ya kurekodi sauti kwenye kompyuta, sema moja, mbili, tatu, halafu cheza. Hujisikii? Basi modemu haina kosa, na mwenzio hana kosa. Nenda kwenye mipangilio ya sauti uone kompyuta inasikiliza maiki ipi. Ukichomeka kamera au hedifoni mpya, mara nyingi inahamia huko bila kukuaga. Kwenye Windows 10 na 11 angalia pia mipangilio ya faragha, kwa sababu unaweza kukuta programu zimenyimwa ruhusa ya kutumia maiki.

Uliza kama modemu yako inaongea. Fungua programu yake. Ukiona kitufe cha kupiga simu na namba za kubonyeza, uko salama. Ukiona intaneti na meseji tu, huenda modemu haina sauti kabisa, au sauti ilifungwa kabla hujauziwa. Wapo mafundi wa mtaani wanaofungua kwa kubadilisha programu ya ndani ya modemu. Ikikubali utafurahi, ikigoma unabaki na kipande cha plastiki. Kwa ushauri wangu, kama haina sauti, piga kwa WhatsApp kupitia intaneti ya modemu hiyohiyo. Itakula bando, lakini utaongea.

Angalia kizazi cha mtandao. Modemu za USB zinazopiga simu kwa kawaida hutumia 2G au 3G kwa sauti, na nyingi za 4G zimetengenezwa kwa intaneti peke yake. Ukiwa kwenye 3G unaweza kuongea na intaneti ikaendelea. Ikishuka 2G, intaneti kwa kawaida husimama mpaka ukate simu. Na kama una ndugu Marekani anayetaka umpelekee modemu ya zamani, usijisumbue: kampuni kubwa za simu kule zilizima 3G mwaka 2022.

Ihamishe. Modemu iliyojificha nyuma ya boksi la chuma, chini ya meza, itakupa simu za kukatikakatika. Tumia waya wa USB wa kurefushia, isogee dirishani. Epuka kugawana tundu moja la USB na vitu vitano, maana modemu inapopiga simu inahitaji umeme wa kutosha. Zima pia ule mpango wa kompyuta wa kuzima USB ili kubana umeme.

Kwa mnaopenda kuchokonoa, modemu inaongeleka moja kwa moja. Tangu kampuni ya Hayes ilipotoa Smartmodem yake mwaka 1981, amri za modemu zinaanza na herufi AT, maana yake ni kuiita isikilize. Ukiandika AT peke yake na ikajibu OK, ipo macho. Ukiandika AT+CSQ inakupa nguvu ya mtandao, kuanzia 0 hadi 31. Ikikupa 99 ujue haijui iko wapi. Mimi nawapenda waliotunga utaratibu huo. Unaita kwanza, unasubiri kuitikiwa, ndipo unasema shida yako. Ni wangapi tunafanya hivyo tukifika nyumbani?

Mwangwi na ubaridi

Kuna malalamiko mawili ninayoyasikia sana. La kwanza: "Nikiongea najisikia mwenyewe." Shika hii, itakusaidia: anayesikia mwangwi siye mwenye tatizo. Sauti yako inatoka kwenye spika ya mwenzio, inaingia kwenye maiki yake, inakurudia. Kwa hiyo usihangaike na kompyuta yako, mwambie kwa upole apunguze spika au avae hedifoni. Na yeye akilalamika kuhusu mwangwi, wewe ndiye wa kuvaa.

La pili ni zito zaidi: "Siku hizi ukiongea na mimi umepooza." Sauti inapochelewa njiani, unauliza kitu, kimya, unadhani hajakusikiliza, unaanza tena, mnagongana. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yabaki ya kawaida. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo yao kuhusu jambo hili: watu walioongea kwenye laini inayochelewa walimwona mwenzao kuwa hana umakini, ilhali aliyechelewa alikuwa mtandao. Umeona? Tabia ya laini tunambebesha mtu.

Ongeza na hili: simu ya kawaida inabeba kipande tu cha sauti ya mtu, takriban hezi 300 hadi 3,400. Kilichobaki kinaachwa. Kwa hiyo mpenzi wako akisikika kama ana mafua au kama hana furaha, muulize anaendeleaje kabla ya kumuuliza yuko na nani.

Makubaliano matatu

Ninyi mnaoishi mbalimbali, kaeni chini mpatane mambo haya siku mkiwa pamoja na mmeshiba.

Simu ikikatika, aliyepiga ndiye anayerudia. Mkipiga wote kwa pamoja, kila mmoja ataambiwa namba inatumika, na hapo swali la "ulikuwa unaongea na nani?" linazaliwa bure, kumbe mlikuwa mnatafutana.

Sauti isiposikika, tuma meseji ya neno moja, kwa mfano "laini". Usikate kimyakimya, na usiseme maneno makali kwenye simu ambayo hujui kama inafika. Inaweza kuwa inafika upande mmoja tu, na anayesikia hana pa kukujibia.

La tatu, programu nyingi za modemu zinatunza orodha ya simu, na nyingine zinarekodi mazungumzo. Kama kompyuta ni ya wote, ambizaneni. Kumrekodi mwenzio bila kumwambia hakutibu wasiwasi, kunauhamishia kwenye faili.

Haya mpenzi msomaji, nafasi yangu imeisha. Leo jioni, kabla ya ile saa yenu ya kupigiana, chukua dakika tano urekodi sauti yako na uisikilize. Ukijisikia vizuri, piga. Mwezi ujao tutaongelea simu moja yenye laini mbili, na maswali yanayokuja nayo. Mpaka hapo, mpendane na msikilizane.