Tezi si Ugonjwa, Omo si Sabuni

Juzi nilipita na wanafunzi wangu wachache katika City Market, Barabara ya Muindi Mbingu, hapa katikati ya jiji la Nairobi. Baina ya twiga wa mbao na vibuyu vilivyotiwa shanga palikuwa na kijahazi chenye urefu wa mkono mmoja, tanga lake la kitambaa cheupe. Nikamwomba mmoja wao anionyeshe tezi. Akajishika koo. Nikauliza omo iko wapi. Wote wakaangua kicheko, wakanitajia sabuni ya kufulia. Na hao ndio walioandika katika insha zao za mtihani, bila kukosea hata herufi, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani!

Sikuwalaumu. Mwalimu aliyewafunza methali hiyo yamkini hakuonyeshwa chombo naye. Aliyazaliwa bara, kama mimi, na neno foromali nililikuta kamusini kabla ya kuuona mti wenyewe unaobeba tanga.

Vitu vidogo vya aina hii hudharauliwa kuwa ni biashara ya watalii. Lakini kila mahali penye safari ndefu za bahari, mikono ya mabaharia haikukaa bure. Wawindaji wa nyangumi wa Marekani katika karne ya 19 walichora meli na wake zao juu ya meno ya nyangumi, wakayapaka masizi ili mistari ionekane. Wengine walirudi nyumbani na visanduku vya mbao vilivyopambwa kwa kombe, na kwa muda mrefu iliaminika kuwa waliviunda wenyewe melini; baadaye ikabainika kwamba vingi vilinunuliwa madukani Barbados. Hivyo swali la nani hasa aliyetengeneza tunu si swali la kipuuzi. (Nasema tunu makusudi. Neno hilo la kitu adimu cha kumpa umpendaye tunalo tangu zamani, nasi twaling'ang'ania lile la kizungu la vibandani.)

Kwetu mfano ulio bora ni mtepe. Chombo hiki cha Wabajuni wa visiwa vya Lamu hakikupigwa misumari; mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mafundi walipotaka kukiunda upya Zanzibar mwaka 2003, hapakuwa na mtepe mzima wa kutazama. Walitegemea maelezo yaliyoandikwa, na vijitepe vidogo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho! Chombo hicho kipya kiliwekwa katika Beit-al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Msomaji na apime mwenyewe kipi kimedumu zaidi, chombo kikubwa au kile cha kuwekwa rafuni.

Yuko atakayeniuliza mtoto wa Kangemi au Kawangware ana haja gani na mkuku na mataruma. Haja yake ni kwamba tunamtahini kwa maneno hayo. Methali, tenzi na mashairi tunayomsomesha yamejaa bahari, naye anayakariri kama dua ya lugha asiyoijua. Mtaala wetu wa umilisi wahimiza mwanafunzi atende na ashike kwa mikono, basi ashike. Kijahazi kimoja darasani, vipande vya karatasi vilivyoandikwa omo, tezi, ngama, mlingoti, foromali, demani, usukani, na kipindi kimoja cha kuvibandika, vitamfaa kuliko kurasa kumi za orodha za methali. Shule isiyo na fedha za kununua, watoto wake watachonga cha mti laini au boksi. Nao wakishaona ngamani ndipo maji ya chombo yanapokusanyika na kutekwa, hawatahitaji kuelezwa kwa nini mwenda huku na huku hurejea pale.

Kile cha City Market nilikinunua baada ya kupatana bei kwa muda usio wa heshima kwa mtu wa rika langu. Muuzaji alisikia mjadala wetu wote. Akaniomba nimwandikie yale majina nyuma ya kadi yake, kwani, alisema, wateja humwuliza naye huwajibu kuwa ni mashua tu.