Ufunguo wa Pili Uko kwa Nani?



Ndugu zetu wasomaji, na khususan mama zetu na dada zetu, juma hili tumeiweka kando mada tuliyoiahidi, ile ya gharama za maharusi, ili tuandike juu ya ufunguo wa gari. Msituone tumepotea njia. Jambo lenyewe lilitufika katika jamaa zetu, na tangu hapo tumeulizwa na nyumba tatu nyengine habari hiyo hiyo.

Miezi minne iliyopita tulisafiri kutoka Mombasa hadi Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, kumpa mkono wa tanzia shemeji yetu, mjane wa mtoto wa ami yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mazishi yalitupita kwa sababu ya maradhi. Kaptembwo uko upande wa magharibi wa jiji. Nyumba zimebanana, bodaboda hazikatiki, na baridi ya alfajiri yake sisi watu wa pwani hatuizoei hata tukivaa makoti mawili. Marehemu aliishi huko miaka mingi, na riziki yake ilikuwa gari moja: Mercedes C-Class ya mwaka 2010, iliyotumika Japani, ikateremshwa bandarini kwetu Kilindini, naye akiikodisha kwa maharusi ya Nakuru, Gilgil na Naivasha.

Tulimkuta shemeji yumo katika eda, na watoto watatu, mkubwa wao kijana wa miaka 19 na wa pili wasichana. Gari lilikuwa ukutani limefunikwa turubai. Tangu siku ya tatu ya matanga halikusogea, kwani ufunguo ulikuwa umepotea. Nyinyi mnazijua siku za msiba: watu huingia na kutoka, kila mmoja anasaidia, vitu vinahamishwa kutoka mezani kwenda rafuni, na kutoka rafuni haijulikani kwenda wapi. Walitafuta ndani ya debe la unga, chini ya magodoro, hata katika mikeka ya msikitini iliyokwisha kurudishwa. Hawakuuona.

Lakini gari lile lilikuwa na funguo mbili. Wa pili ulikuwa kwa kaka yake marehemu, anayekaa mtaa mwengine wa jiji hilo hilo, aliyekuwa akimsaidia kuliendesha siku ambazo maharusi yalipangana. Alipoombwa aulete alijibu kwamba yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na gari ataliweka yeye. Shemeji alinyamaza. Kijana hakunyamaza.

"Ami," akatuambia, "siku hizi funguo hutengenezwa. Tumwite fundi atutengenezee mpya, na ule wa baba mkubwa aufute usiwashe gari tena."

Tulimuuliza kama jambo hilo lawezekana. Akasema lawezekana. Basi tukamwita fundi, na alichotueleza tunawaeleza nanyi, kwa kuwa wengi wetu tunatembea na vitu hivi mifukoni bila kujua ni nini.

Bibi zetu walifunga ufunguo wa kasha katika pindo la leso, na ufunguo ule ulikuwa chuma tu. Mwenye tupa na mkono mzuri aliweza kuuchonga mfano wake. Magari ya kisasa hayako hivyo. Ndani ya kishikio cha ufunguo mna chipu ndogo. Ufunguo unapotiwa kwenye swichi, gari huiuliza chipu ile siri yake kwa mawimbi ya redio, na kompyuta ya gari isiporidhika na jibu, injini haiwaki hata kama chuma kimechongwa sawasawa. Ulaya ililazimisha kinga ya namna hii kwa magari mapya tangu mwaka 1998, na magari ya Japani tunayoyanunua nayo yanayo kwa wingi. Mercedes ya marehemu imekwenda mbali zaidi: ufunguo wake hauna meno yanayozunguka ndani ya swichi. Ni kipande cha plastiki kinachozungumza na swichi kwa mwanga usioonekana. Kile kijichuma kilichofichwa ndani yake ni cha kufungulia mlango tu, betri inapokufa. Kwa hiyo ukimwambia fundi wa gari kama lile akuchongee ufunguo, umemwambia neno la zamani. Kazi yake ni kuandika siri ya gari lile moja katika ufunguo mtupu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kwenda kwa wakala wa kampuni, ukiwa na karatasi zako na nambari ya chesisi. Ufunguo huagizwa ng'ambo, nao huja ukiwa wa gari lako tangu kiwandani. Ya pili ni fundi wa mtaani mwenye vyombo, anayeunganisha mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, au anayeifungua swichi yenyewe na kuisoma. Na hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila nyumba ilisikie. Kama mkononi mna ufunguo mmoja unaofanya kazi, kupata wa pili ni kazi nyepesi kwa magari mengi. Zikipotea zote, kazi huwa ndefu, na gharama kwa gari la fahari hufika makumi ya maelfu ya shilingi. Magari mengi yanayoingia nchini yakiwa yametumika huja na ufunguo mmoja tu. Mwenye gari hufurahi, huendesha, na husema wa pili atautengeneza baadaye.

Wenye Toyota za zamani waangalie pia rangi ya kishikio. Ule mweusi ndio mkuu. Ule wa kijivu huwasha gari lakini hauwezi kutumika kuzaa mwengine. Na mwenye gari la kubonyeza kitufe, likikataa kuwaka ghafla, asikimbilie kununua ufunguo. Huenda betri yake ndogo imekwisha. Katika Toyota na Lexus nyingi, mtu hukanyaga breki, akaugusisha ufunguo kwenye kitufe upande wenye nembo, likawaka. Fundi alituhadithia pia kwamba C-Class za umbo lile, lililotengenezwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, zina maradhi ya kufuli la usukani: kijimota chake kikifa, ufunguo hauzunguki na taa hazionekani, na mtu hulipa ufunguo mpya ilhali ugonjwa uko kwengine.

Turudi Kaptembwo. Fundi alipokwisha kulitazama gari, akaomba logibuku na kitambulisho. Logibuku ilikuwa kwa jina la marehemu. Akaomba barua ya kuonyesha warithi ni nani. Haikuwapo. Akaanza kukunja nyaya zake.

Kijana alikasirika. Nasi tukiri kwamba tulikasirika kidogo. Tumekesha ndani ya basi, tumevaa kilemba, kisha mtoto mdogo kwa umri wetu atuulize mali ni ya nani! Tukamwambia kwamba sisi tunamdhamini mama huyu. Akajibu kwa adabu, macho chini:

"Sheikh wangu, nisamehe. Lakini kila anayenijia husema gari ni la marehemu baba yake."

Hatukuwa na la kumjibu. Usiku ule, kila tulipolipima neno lake, tuliona haki iko upande wake. Mtu awezaye kuandika ufunguo wa gari lolote ameshika mkononi magari ya jiji zima. Wasomaji wetu wanaijua habari ya ufunguo wa Al-Kaaba mwaka wa 8 Hijria, siku ya kufunguliwa Makka: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuchukua kwa Uthman bin Talha, kisha akamrudishia yeye mwenyewe, na ukoo wake ungali nao hadi leo. Wafasiri wengi huitaja habari hiyo wanapoifikia aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, aya ya amana. Tumeisomesha madrasani miaka mingi, na ilibidi kijana mwenye kompyuta atukumbushe.

Basi tukamwambia mtoto wetu: kabla ya kuufuta ufunguo wa baba yako mkubwa, twende tukamwone. Tulikwenda baada ya Isha. Tulikuwa tumejiandaa kumsomea hukumu ya mirathi, nayo ni wazi: marehemu akiacha mwana wa kiume, ndugu yake harithi kitu. Mjane mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja katika nane, na kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja. Lakini yote hayo ni baada ya madeni na wasia. Na hapo kwenye madeni ndipo tulipokwama, kwa kuwa yule bwana alisimama, akafungua kabati, akatutolea risiti za giaboksi. Alimtengenezea nduguye gari mwaka uliopita kwa fedha zake, na hakulipwa. Shemeji hakuwa na habari. Marehemu hakumwambia.

Kumbe yule bwana hakudai urithi. Aliona haya kudai deni juu ya kaburi bichi, akaona afadhali ajifanye mkubwa wa ukoo na kuushika ufunguo. Tulimwambia kwamba deni lake ni haki, nalo hutangulia mirathi. Lakini ufunguo si rehani, kwa sababu mwenye mali hakumpa kwa mapatano hayo, na wanaozuiliwa kwa ufunguo ule ni mayatima. Alinyamaza muda mrefu. Mkewe, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya pazia, ndiye aliyesema: "Wape, Baba Fulani. Deni liandikwe." Likaandikwa usiku ule, kwa mashahidi wawili, na ufunguo tukarudi nao.

Mengine yalichukua miezi. Kijana alikwenda polisi kuandikisha kwamba ufunguo umepotea, akapewa abstrakti. Walikwenda kwa Kadhi wa Nakuru, na barua ya warithi ilipopatikana yule fundi aliitwa tena. Mara hii kazi ilikuwa fupi, kwa kuwa ufunguo mzima ulikuwapo. Aliandika mpya, na akauzima ule uliopotea matangani, ili aliyeuokota asiweze kuwasha gari nao. Tuliona watu wengi hawaliulizi hilo. Hulipa ufunguo mpya na kurudi nyumbani, na ule uliopotea ungali unaitambua gari. Mwambieni fundi auzime, na siku hiyo mpelekeeni funguo zote mlizo nazo, kwani katika magari mengi usiokuwapo hufutwa pamoja na uliopotea. Na gari likiibwa, bima nyingi huuliza kila ufunguo uko wapi.

Tuongeze moja kwa wenye magari yanayofunguka bila ufunguo kutolewa mfukoni. Novemba 2017 polisi wa West Midlands, Uingereza, walionyesha video ya wezi wawili wakiichukua Mercedes uani mwa nyumba kwa chini ya dakika moja: mmoja alisimama karibu na nyumba na chombo kinachoinasa sauti ya ufunguo uliokuwa ndani, mwenziwe karibu na gari na chombo cha pili. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa namna hiyo usitundikwe karibu na mlango wa mbele. Kopo la bati lenye kifuniko kizuri huizuia sauti yake. Lijaribuni kopo lenyewe: tieni ufunguo ndani, kisha mkaguse mlango wa gari. Ukifunguka, tafuteni kopo jengine.

Gari la marehemu sasa linafanya kazi. Kijana anaendesha kwenye maharusi, deni la baba yake mkubwa linalipwa kidogo kidogo, na baada ya hapo mafungu yatagawiwa. Ufunguo mmoja anao kijana. Wa pili uko kwa shemeji, ambaye eda yake imekwisha juzi, na hautoki ndani ila kwa kuombwa.

Tuliporudi Mombasa tulimsimulia mke wetu habari yote hii, kwa urefu na kwa fahari kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ufunguo wa pili wa gari letu sisi uko wapi. Tulifikiri. Tukakumbuka tulimwachia fundi wa rangi, kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Kesho baada ya Alfajiri, inshaallah, tutakwenda kwake.